Fizikia na Kemia: aache au aendelee?

Kidato cha tatu kinapoanza, wazazi wengi wa Njombe na Makambako huulizwa nyumbani: "Mama, niache Fizikia na Kemia?" Hofu kubwa ya mtoto ni kuharibu divisheni.

Lakini divisheni ya kidato cha nne huhesabiwa kwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi. Mwenye masomo tisa akipata F ya Fizikia, masomo mengine saba yakiwa mazuri, F hiyo haimgusi. Mwenye saba tu hana akiba. F ya Hisabati ataibeba.

Hasara ya kuacha huonekana baadaye. Diploma ya uuguzi au utabibu hudai ufaulu wa Biolojia, Kemia na Fizikia, hata kwa D. Famasia hudai Biolojia na Kemia. Divisheni nzuri bila masomo hayo haifungui mlango huo, hata kama baba ameshauza viazi kutafuta ada.

Hata hivyo, masomo tisa ni mzigo. Shule ikiwa haina mwalimu wa Fizikia, au mtoto hana hamu na kazi za afya wala ufundi, kuacha si aibu. Mzazi aende kwanza kwa mwalimu wa taaluma na matokeo ya kidato cha pili mkononi. Mtoto asiache kwa sababu rafiki yake ameacha.