Usumbufu Haujitokezi, Hupangwa

"Tunaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza." Kila aliyewahi kusubiri ndege katika viwanja vyetu anaijua sentensi hii kwa moyo. Mimi niliisikia mara tatu asubuhi moja, nikiwa nimeketi uwanjani Dar es Salaam na tiketi ya kwenda Mwanza kumzika shangazi aliyenilea. Ndege ya saa mbili asubuhi iliondoka saa saba mchana. Nilipofika nyumbani, kaburi lilikuwa limeshafunikwa na vijana walikuwa wanakunja maturubai. Shirika lile sitalitaja, maana ugonjwa huu haukai katika shirika moja.

Kabla ya kuondoka, binti mmoja wa kaunta aliniambia ukweli kwa sauti ya chini: "Dada, ndege ya safari hii iko kwa mafundi. Nyingine hakuna. Tunasubiri inayotoka Songwe." Maneno hayo machache yalinifundisha zaidi ya matangazo yote ya kipaza sauti.

Tangu siku ile neno "uliojitokeza" linanichoma. Uyoga hujitokeza baada ya mvua. Upele hujitokeza mwilini. Ndege kuchelewa hakujitokezi. Mara nyingi kumeandikwa miezi kadhaa kabla, ofisini, kwenye meza ya mpanga ratiba aliyeamua kwamba ndege moja itafanya kazi ya ndege moja na nusu, na kwamba hakuna kitakachoharibika.

Tazama jinsi hesabu hiyo inavyokwenda. Chukua ndege moja inayopangiwa safari sita kwa siku: Dar kwenda Mwanza na kurudi, Dodoma na kurudi, Songwe na kurudi. Kila inapotua inapewa nusu saa: abiria washuke, mizigo itolewe, usafi ufanyike, mafuta yaongezwe, abiria wapya wapande, milango ifungwe. Lakini wafanyakazi wa uwanjani wanajua kwamba kazi hiyo, kwa mikono na vifaa walivyonavyo, huchukua dakika 45. Basi kila ikitua inapoteza dakika 15. Kati ya safari sita kuna vituo vitano. Safari ya mwisho itaondoka Songwe ikiwa imechelewa dakika 75, na siku nzima hapakuwa na mvua, ukungu wala hitilafu hata moja. Ratiba ilichelewa tangu ilipochapwa.

Abiria wa Songwe anaambiwa: "Ndege imechelewa kufika." Hilo linatolewa kama sababu, nalo ni matokeo. Chanzo kiko asubuhi, kwenye safari ambayo yeye hakuipanda na kwenye karatasi ambayo hakuonyeshwa. Marekani, ambako sababu za kuchelewa hukusanywa na kuchapishwa, ndege iliyochelewa kutoka safari iliyotangulia ni miongoni mwa sababu kubwa kabisa kila mwaka. Dakika zilizopotea asubuhi hazipotei. Zinahamia kwa mtu mwingine.

Kwetu huhamia vibaya zaidi. Marubani na wahudumu wana kikomo cha saa za kazi, nacho ni kikomo cha usalama kisichopaswa kuguswa. Tena bado vipo viwanja vya mikoani ambavyo havina taa za kutulia ndege usiku. Jua likizama, mlango umefungwa. Saa moja iliyopotea mchana inageuka usiku mzima wa abiria kulala mji asio na ndugu, na asubuhi yake safari nyingine zinaanza zikiwa na deni.

Sisemi ndege zikae bure. Ndege iliyosimama haiingizi hata senti, huku bima, ukodishaji na mishahara vikiendelea kudai. Kuitumia ndege kwa saa nyingi ndiko kunakoshusha nauli. Mwaka 1972 shirika changa la Southwest huko Texas lililazimika kuuza moja ya ndege zake nne, likaamua kuendesha ratiba ileile kwa ndege tatu, kila moja ikigeuzwa uwanjani kwa dakika 10. Liliweza kwa sababu lilibadili kwanza kazi ya chini: kila mtu alijua wajibu wake kabla magurudumu hayajasimama, na hakuna aliyejiona mkubwa wa kutosaidia. Ratiba ilikwenda sawa na mikono. Wanaopenda kuiga zile dakika 10 waige na mikono ile.

Lakini hata Southwest ilikuja kuonyesha mwisho wa ratiba isiyo na pumzi. Desemba 2022 dhoruba ya baridi iliipiga Marekani. Mashirika mengine yaliyumba, yakasimama tena. Southwest ilizidi kuanguka, maana ndege na wafanyakazi walikuwa wametawanyika nchi nzima na mfumo wa kuwapanga upya ukazidiwa. Zaidi ya safari 16,000 zilifutwa na zaidi ya abiria milioni mbili wakakwama katika msimu wa Krismasi. Mwaka uliofuata serikali ikalitoza faini ya dola milioni 140. Dhoruba ilikuwa moja kwa wote. Kamba hukatikia pabovu.

Najua jibu litakalokuja: injini. Ni kweli. Injini za Pratt & Whitney zinazotumiwa na Airbus A220 zimezilaza ndege za mashirika mengi duniani, Air Tanzania likiwamo. Kenya Airways katika nusu ya kwanza ya mwaka 2025 ilikuwa na Dreamliner tatu kati ya tisa zisizoruka, na mapato yake yakashuka kwa asilimia 19. Hakuna mwenye akili anayelilaumu shirika kwa ubovu wa injini iliyoundwa ng'ambo. Ila shirika lolote linalojua leo kwamba ndege zake mbili zitalala miezi sita, kisha likaendelea kuuza tiketi kana kwamba zote zinaruka, linamuuzia mtu kitu lisichokuwa nacho. Mwenye duka akifanya hivyo tunamwita tapeli.

Wenzetu wameliwekea jambo hili sheria. Marekani, safari inayochelewa kufika zaidi ya nusu saa, kwa zaidi ya nusu ya safari zake za mwezi, huhesabiwa kuwa sugu. Ikiendelea hivyo zaidi ya miezi minne mfululizo, shirika limetenda kosa la kuuza ratiba isiyo ya kweli. Januari 2025 JetBlue lilikuwa la kwanza kuadhibiwa kwa kosa hilo: dola milioni mbili kwa sababu ya safari nne sugu. Umoja wa Ulaya, kwa Kanuni ya 261 ya mwaka 2004 na hukumu zilizofuata, humpa abiria aliyechelewa kufika kwa saa tatu au zaidi fidia ya kati ya euro 250 na 600 kulingana na umbali wa safari, na mahakama yake imesema hitilafu ya kawaida ya kiufundi haimwondolei mwenye ndege wajibu. Huko kuchelewa kuna bei, na bei hiyo imo ndani ya hesabu ya mpanga ratiba. Kwetu sehemu kubwa ya bei hiyo inalipwa na aliyeketi kwenye benchi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Dereva wa basi la kwenda Bukoba haondoki bila tairi la akiba. Hajui kama litapasuka; anajua tu kwamba barabara ni ndefu. Iweje shirika la ndege liingie sokoni na ndege kumi zenye kazi kumi, bila hata moja pembeni? Akiba haiozi. Ndege moja ya akiba ni gharama, ndiyo. Pumzi ya saa moja katikati ya mchana, ambapo ndege iliyochelewa inaweza kujikomboa, nayo ni gharama. Lakini gharama hiyo haiepukiki. Shirika lisipoilipa, italipwa na mfanyabiashara aliyekosa zabuni, na mgonjwa aliyekosa siku yake ya kumwona daktari bingwa.

Na soko nalo halisubiri. Tangu katikati ya mwaka 2024 treni ya SGR inakwenda Dar es Salaam hadi Dodoma kwa chini ya saa nne. Ndege ya Dodoma ikichelewa saa tatu, aliyepanda treni amekaribia kushuka kwa nauli ndogo zaidi.

Kwa hiyo naidai Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, mambo manne. Ichapishe kila mwezi, njia kwa njia na shirika kwa shirika, safari ngapi ziliondoka kwa wakati na kwa nini nyingine hazikuondoka. Isiidhinishe ratiba mpaka shirika lionyeshe ndege na wahudumu wa akiba, na muda wa uwanjani unaolingana na kazi halisi. Na iweke fidia ya fedha taslimu, yenye kiwango kinachojulikana, anayolipwa abiria bila kubembeleza. Ipime pia muda wa kuondoka pamoja na wa kufika, ili asitokee wa kuficha uchelewaji kwa kurefusha saa za safari kwenye tiketi.

Nawe abiria, acha kuguna kimya. Tunza pasi yako ya kupandia, andika saa uliyoahidiwa na saa uliyoondoka, uulize sababu kwa maandishi, kisha upeleke malalamiko yako TCAA na kwenye Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga. Lalamiko moja hutupwa kapuni. Elfu moja hayatupiki.

Shangazi yangu alizikwa saa nane mchana. Tiketi yangu ilisema ningekuwapo.