Rangi ya Mrututu na Siri ya Majirani

Katika eneo la Katanga, kusini-mashariki mwa Kongo, ardhi ina shaba nyingi, nayo shaba hiyo haionekani kwa sura moja. Waya unaoleta umeme nyumbani ni mwekundu. Jiwe la malakiti, ambalo wafua shaba wa kale waliliyeyusha katika tanuri zao ili wapate misalaba yao maarufu ya shaba, ni la kijani kama jani la mgomba. Mrututu, ambao wakulima wa kahawa tangu zamani huuchanganya na chokaa na kuunyunyizia mibuni ili kuzuia ugonjwa wa kutu ya majani, ni wa buluu kama mbingu baada ya mvua. Katika vitu hivi vyote vitatu metali ni ile ile moja. Yafaa basi kuuliza: ile buluu ya mrututu inatoka wapi?

Watu wengi hudhani kwamba rangi imo ndani ya metali, kama vile rangi ya ukuta ilivyomo ndani ya kopo lake. Dhana hiyo huvunjwa na jaribio moja ambalo walimu wa sayansi hulifanya darasani. Mwalimu hutia fuwele chache za mrututu katika neli ya kioo na kuzipasha moto. Mvuke hutoka, buluu hufifia pole pole, na mwishowe hubaki unga mweupe kama unga wa muhogo. Shaba haikuondoka, imo yote. Kilichoondoka ni maji. Unga huo ukidondoshewa tone la maji, buluu hurudi mara moja mbele ya macho ya wanafunzi. Ni dhahiri kwamba shaba peke yake haikuwa na buluu hiyo, wala maji peke yake hayana rangi. Buluu ilizaliwa kwa ujirani wao.

Mwanga wa jua, ingawa huonekana mweupe, ni mchanganyiko wa rangi zote za upinde wa mvua. Kitu kikimeza baadhi ya rangi hizo, jicho hupokea zile zilizosalia. Mrututu humeza rangi nyekundu na ya machungwa. Inayosalia ni buluu. Sasa yatupasa kujua ni nini hasa kinachomeza.

Shaba imo katika kundi linaloitwa metali za mpito, pamoja na chuma, kromi, kobalti na nikeli. Ndani ya atomi za metali hizi mna vyumba vitano vya elektroni, na kila chumba huweza kuchukua elektroni mbili. Metali ikiwa pweke, vyumba vyote vitano huwa katika kimo kimoja. Lakini molekuli za maji zikija kuizunguka, kila moja huielekezea metali upande wake wenye umeme hasi. Elektroni nazo ni hasi, na hasi kwa hasi husukumana. Vyumba vinavyowaelekea majirani moja kwa moja hupandishwa juu, na vile vilivyo pembeni hubaki chini. Nyumba iliyokuwa ya chini tu imekuwa ghorofa.

Elektroni iliyo chini ikipata mwanga wenye nguvu inayolingana barabara na urefu wa ngazi, hupanda juu, na mwanga ule huwa umekwisha mezwa. Katika mrututu, mwanga unaotosha kuipandisha ni ule wa nyekundu na machungwa. Maji yakifukuzwa kwa moto, shaba hubaki na sulfati tu kuwa jirani zake. Hao husukuma kwa unyonge zaidi, ngazi inakuwa fupi, na mwanga unaomezwa ni ule ulio chini ya nyekundu, ambao jicho la mwanadamu haliuoni. Ndiyo sababu unga ule huwa mweupe. Maelezo ya kusukumana huku yalitolewa mwaka 1929 na Hans Bethe, mwanafizikia wa Kijerumani. Kabla yake, Alfred Werner wa Zürich alikuwa amekwisha onyesha jinsi majirani wanavyojipanga kuizunguka metali, na kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1913.

Zinki huthibitisha jambo hili kwa njia nyingine. Ioni ya shaba iliyo katika mrututu ina elektroni tisa katika vyumba vile vitano, kwa hiyo nafasi moja i wazi. Ioni ya zinki ina elektroni kumi. Kila chumba kimejaa, na hapana pa kupanda. Kwa sababu hiyo sulfati ya zinki ni nyeupe, hata ikiwa na maji yake. Kromi nayo, ikiingia kidogo katika oksidi ya alumini, huleta wekundu wa yakuti. Ikiingia katika jiwe la berili, huleta kijani cha zumaridi. Metali ni moja, lakini majirani wa yakuti huisukuma kwa nguvu zaidi.

Hivyo rangi ni habari. Humweleza mwenye kujua ni nani aliyekaa karibu na metali. Habari hiyo si ya darasani tu, kwa maana kila mtu hubeba metali ya mpito mwilini mwake, nayo ni chuma cha damu.

Katika hemoglobini, chuma kimeshikwa katikati ya pete ya kaboni na naitrojeni. Rangi ya damu hutoka zaidi katika pete hiyo, lakini jirani anayekuja kukaa juu ya chuma huibadili. Oksijeni ikikaa, damu ni nyekundu yenye kung'aa. Ikiondoka, damu huiva na kuelekea weusi. Mgonjwa aliyekosa hewa hutambulikana kwa midomo na kucha kugeuka rangi ya samawati.

Lakini yuko jirani mwingine mwenye hila. Jiko la makaa, ambalo kwengine huitwa mbabula au sigiri, hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Gesi hii hushikamana na chuma cha damu kwa nguvu inayoizidi oksijeni mara 200 hivi, na ikishakaa haitoki upesi. Ubaya wake ni kwamba nayo huipa damu wekundu unaong'aa. Mtu anakosa hewa, na midomo yake haigeuki samawati. Huweza kuonekana wa kawaida, au hata mwekundu kama mwenye afya. Jamaa humtazama na kusema amelala usingizi mzito.

Kwa hiyo rangi ya uso isiaminiwe katika chumba chenye jiko la makaa. Dalili za kuangaliwa ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kulegea, hasa zikiwapata watu kadhaa wa nyumba moja kwa wakati mmoja. Watolewe nje penye hewa safi bila kukawia, kisha wapelekwe hospitali, na mganga aelezwe kwamba palikuwa na jiko.

Mrututu nao ni sumu. Usitiwe katika chupa ya soda wala kuwekwa karibu na chumvi, kwani buluu yake huwavutia watoto. Na usiku wa baridi au wa mvua, jiko la makaa lilale nje, hata kama makaa yake yanaonekana yamekwisha kuwa majivu, kwa sababu makaa yanayofifia bado hutoa gesi ile.