Kostiki Soda Katika Sabuni ya Nywele

Wako watu waiogopao sabuni ya nywele iliyotengenezwa nyumbani, wakisema kwamba kostiki soda itawachoma kichwa. Hofu hiyo ina sababu, lakini yafaa iwekwe mahali pake. Pasipo kostiki hapana mche wa sabuni. Kostiki na mafuta vikichanganywa hugeuzana, vikawa sabuni na glisirini; na vipimo vikiwa sawa, kostiki haibaki.

Basi hatari imo katika kupima na kuchanganya. Kilo 1 ya mafuta ya nazi hula gramu 183 za kostiki; fundi mwenye busara hutia 170 tu, ili mafuta kidogo yasalie. Hupima kwa mizani, si kwa kijiko. Tena hutia kostiki ndani ya maji baridi, wala hamimini maji juu ya kostiki, maana huchemka ghafula na kuruka. Sufuria ya alumini haifai kabisa, kwa kuwa kostiki huila na kutoa hewa iwakayo moto. Chuma kisichoshika kutu chafaa. Mikono ivikwe glavu, macho miwani, na watoto wakae mbali. Ikimrukia mtu machoni, aoshwe papo hapo kwa maji mengi kwa dakika 20, kisha apelekwe hospitali.

Miche ikiisha kukatwa huachwa majuma 4 hadi 6 ikauke na kuwa pole. Asiye na mizani, na anunue mizani kwanza, ndipo anunue kostiki.