Sikio la Askari ni Silaha: Lipimwe, Lilindwe

Na Afisa Uhusiano wa Jeshi, Mweya

Mlinzi wa usiku hapa Mweya hategemei macho. Giza likishatanda juu ya rasi hii, na viboko wakapanda kutoka Mfereji wa Kazinga kuja kula majani, askari aliye lindoni hana budi kutegemea masikio yake. Sikio ndilo limwambialo kwamba kishindo hiki ni cha mnyama mzito, na mchakacho ule ni wa kiatu cha mtu. Sikio ndilo lipokealo neno la siri kutoka kwa mwenzake arudiye doria. Likikosea, huenda risasi ikampata rafiki, au adui akapita pasipo kuulizwa.

Katika wilaya ya Kasese jambo hili si la mzaha. Mpaka wetu na Kongo u karibu, na wananchi wa Bwera na Mpondwe hawajasahau uvamizi wa Novemba 1996, wala ule wa usiku wa Juni 16, 2023, katika shule ya sekondari ya Lhubiriha. Basi yafaa tujiulize swali moja jepesi. Bunduki ya askari hukaguliwa, husafishwa na kutiwa mafuta. Buti zake hukaguliwa. Hata vifungo vya shati lake hukaguliwa. Je, sikio lake hukaguliwa lini? Nachelea kusema kwamba askari wengi, wa jeshi na wa polisi, wakiulizwa ni lini walipimwa usikivu kwa mara ya mwisho, watajibu kuwa hawakumbuki.

Wahenga walisema kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Walimsema mkaidi. Lakini vipi yule apendaye kutii, ila amri haimfikii? Namfahamu sajini mmoja, mpiganaji wa miaka mingi na mwalimu hodari wa shabaha, ambaye kila aambiwalo hujibu, "Ndiyo, Afande," kisha hutenda jingine. Mara mbili aliandikiwa kosa la utovu wa nidhamu. Makuruta wake walisema ana kiburi. Mkewe ndiye aliyeng'amua ukweli, kwani redio ya nyumbani ilifunguliwa kwa sauti ya kuwakera majirani, na baba hakuweza tena kumsikia vyema binti yao mdogo. Alipopimwa ilidhihirika kuwa masikio yote mawili yamekwisha kuharibika. Hakuwa mkaidi hata kidogo. Alikuwa majeruhi aliyeadhibiwa kwa sababu ya jeraha lake.

Ndugu zangu, jeraha hili halitoki damu, ndiyo maana twalidharau. Ndani kabisa ya sikio mna chombo kidogo kilichojiviringisha mfano wa kombe la konokono. Humo mna chembe zipatazo 15,000, zenye vinywele vidogo mno, ambazo kazi yake ni kuupokea mtikiso wa sauti na kuupeleka kwenye ubongo. Kelele kali huvilaza vinywele hivyo kama upepo ulazavyo mtama. Kelele ikiwa ya muda mfupi, huweza kuinuka tena. Ikirudiwarudiwa, chembe hufa. Nazo zikifa hazioti tena, wala hakuna dawa wala upasuaji wa kuzirudisha.

Wataalamu hupima ukali wa sauti kwa desibeli. Kiasi kinachokubalika na wengi ni desibeli 85 kwa kazi ya saa 8. Kila zikiongezeka desibeli 3, nguvu ya sauti huwa maradufu, na muda wa usalama hupungua kwa nusu: desibeli 88 kwa saa 4, 91 kwa saa 2, 94 kwa saa moja, na 100 kwa dakika 15 tu. Sasa tazama bunduki. Mlio wake karibu na sikio la mpigaji hupita desibeli 150, ilhali mlio wa kishindo ukivuka 140 huweza kudhuru mara moja tu. Mizinga na makombora huzidi hapo.

Wala si wapiga risasi peke yao walio hatarini. Wamo mafundi wa karakana, waangalizi wa jenereta, mabaharia wa boti za injini katika Ziwa Edward, na hata wapiga tarumbeta na ngoma wa bendi za jeshi na polisi. Kwa asiye na kipimo ipo kanuni nyepesi: ukilazimika kupaza sauti ili akusikie mtu aliye hatua moja kutoka kwako, mahali hapo pana kelele ya kudhuru.

Ujanja wa maradhi haya ni kwamba hayaanzi kwa uziwi. Huanza kwa mlio masikioni, kama wa nyenje wa usiku, baada ya siku ya shabaha. Mlio huo huweza pia kuletwa na kwinini, hivyo aliyetumia dawa hiyo amweleze daktari. Lakini unaofuata milio ya bunduki ni onyo. Baadaye hupotea sauti nyembamba: ya ndege, ya mtoto, na herufi kama s, f na t. Askari husikia kwamba mtu anasema, asijue anasema nini. Katika redio ya upepo hushindwa kupambanua "sita" na "pita". Ni nani asiyeona hatari yake?

Wapo wasemao kwamba askari mwenye kuziba masikio hawezi kumsikia adui. Hoja hii ina uzito vitani, lakini kwenye uwanja wa shabaha hakuna adui, wala karakanani. Huko ndiko masikio mengi huharibikia, nako hakuna udhuru. Kwa doria, vimekwisha kutengenezwa vizibo vyenye tundu dogo, vipitishavyo sauti ya kawaida na kupunguza kishindo. Hata hivyo, navyo vyataka uangalifu. Huko Marekani maelfu ya askari na waliostaafu waliishitaki kampuni ya 3M wakidai kuwa vizibo ilivyoviuzia jeshi havikuingia sawasawa masikioni. Mwaka 2023 kampuni hiyo, bila kukiri kosa, ilikubali kulipa dola za Marekani zipatazo bilioni 6. Funzo letu ni moja: kizibo kilicholegea ni sawa na hakuna. Ukitumia cha sponji, kiviringishe kiwe chembamba, livute sikio juu na nyuma kwa mkono wa pili, kitie, kisha kishikilie mpaka kivimbe. Pamba kavu haizuii mlio wa bunduki, wala ganda la risasi lililotiwa sikioni si kinga, ni kujidanganya.

Wapo pia wasemao kwamba mambo haya ni ya viwandani. Ni kweli kwamba viwanda vimetangulia. Kenya ilitunga kanuni za kelele kazini mwaka 2005, zikakataza kupita wastani wa desibeli 90 kwa saa 8 na kishindo cha zaidi ya 140. Nasi Uganda tunayo Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006. Lakini Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 imetamka wazi kuwa haiwahusu wanajeshi walio katika utumishi. Sisemi hili kwa kulalamika, kwani jeshi lina taratibu zake. Nalisema kwa kuwa taratibu hizo zahitaji ushahidi. Askari atakayestaafu akiwa kiziwi, na faili lake halina kipimo hata kimoja, atathibitishaje kwamba sikio lake liliharibika akilitumikia Taifa, na si kwa uzee?

Kwa hiyo napendekeza mambo manne, ambayo kamanda yeyote aweza kuanza nayo.

Kwanza, kila kuruta apimwe kabla hajafyatua risasi ya kwanza, na matokeo yawekwe katika faili lake lifuatalo kila ahamishwapo. Kipimo chenyewe hakiumi. Mtu huketi mahali palipo kimya, huvaa visikizio, na kila asikiapo mlio, mwembamba au mzito, hutoa ishara. Asipimwe siku aliyotoka shabaha, bali baada ya kupumzika na kelele, ili uchovu wa sikio usidhaniwe kuwa uziwi.

Pili, walio katika kazi za kelele wapimwe kila mwaka, na kila mmoja apimwe kabla ya kustaafu. Athari ya bunduki huonekana mapema zaidi katika sauti nyembamba za karibu hezi 4,000, wakati mhusika mwenyewe hajahisi neno. Hapo ndipo pa kumwokoa. Wilaya ya mbali kama yetu haiwezi kumpeleka kila mtu Mulago. Ni rahisi zaidi mpimaji mmoja na mashine yake azungukie kambi na vituo vya polisi.

Tatu, iwe amri ya kudumu kwamba msimamizi wa shabaha hatatoa amri ya kufyatua mpaka ameona vizibo katika masikio ya wote, pamoja na mwalimu na wale wanaosubiri zamu nyuma ya mstari. Naye kamanda avae wa kwanza. Kuruta hufuata alionalo kwa mkuu wake kuliko aliambiwalo.

Nne, na hili ndilo kubwa, kipimo kisiwe fimbo. Askari akijua kwamba kusema "sisikii" ni kufukuzwa au kuchekwa, ataficha, naye mwenye kuficha ndiye atakayekuwa lindoni usiku wa hatari. Ahamishiwe kazi imfaayo, uzoefu wake usipotee, na heshima yake ibaki pale pale.

Ushujaa si kustahimili kelele. Hakuna nishani itolewayo kwa kuziwika uwanjani pa shabaha. Wananchi wa Kasese wanalala usiku wakiamini kwamba yupo mtu macho anayesikiliza kwa niaba yao. Wazee husema sikio la kufa halisikii dawa. La kwetu bado lasikia. Basi tulipe dawa yake mapema, ambayo ni kizibo na kipimo.