Butembo na Beni: muganga wa dharura afundishwe kando ya kitanda

Pikipiki mbili zikigongana kwenye barabara ya kitaifa namba 2, kati ya Butembo na Beni, majeruhi huangukia mikononi mwa muganga kijana wa zamu ya usiku. Alisoma miaka mingi. Lakini nani alimuonyesha, mkono kwa mkono, namna ya kufungua njia ya hewa ya mtu ambaye koo limejaa damu?

Huko Dar es Salaam, Muhimbili ilianza kufundisha mabingwa wa dharura mwaka 2010, kwa miaka 3. Katika mafunzo ya aina hiyo, mwanafunzi hujizoeza kwenye sanamu kabla ya kumgusa mtu. Na mgonjwa akifa, waganga huketi kuchunguza kilichokosekana, bila kutafuta wa kulaumiwa. Hilo la mwisho halihitaji hata mashine. Linahitaji ujasiri wa wakubwa.

Minervali ya somo hili, Beni na Butembo zilikwisha kuilipa. Ebola ya 2018 hadi 2020 iliua watu zaidi ya 2,200, na waganga na wauguzi walikuwa miongoni mwa walioambukizwa.

Kitivo cha udaktari kipo Butembo, kwenye Chuo Kikuu cha Katoliki cha Graben. Kianze na saa moja kila juma, pamoja na hospitali za miji yote miwili. Wauguzi nao waitwe, maana ndio humpokea mgonjwa kwanza. Wizara ya afya imlipe mwalimu. Saa hiyo isiwe sadaka ya muganga aliyetoka zamu.