Mcheza Kwao Hutunzwa

Msomaji, methali hii umeiandika mara nyingi katika daftari lako. Umeieleza kwa maneno mawili matatu, ukapewa alama zako, ukafunga daftari. Leo nakuomba ulifungue tena kwa sababu nyingine. Methali hututoka vinywani kwa wepesi, kana kwamba yote yasemwayo ndani yake yamekwisha kutimizwa. Mimi nashika kalamu kusema kwamba hii haijatimizwa. Katika nchi yetu wako watu waliocheza kwao, wakalichezea taifa zima kwa miaka mingi, na tuzo lao likapotelea njiani. Watu hao ni waigizaji na watungaji wa vichekesho vya televisheni.

Kwanza tufahamu maana ya kutunza. Katika pwani yetu, ngoma ipigwapo na mchezaji akapendeza, mtazamaji haoni haya kuingia uwanjani na kumpa kitu: huyu sarafu, yule noti, mwingine leso. Tuzo hilo si sadaka, wala mchezaji halipokei kama maskini. Ni ushahidi wa mtazamaji kwamba amepewa furaha, na kwamba furaha ina thamani. Aliyefurahi na aliyefurahisha huonana uso kwa uso, na haki hutolewa palepale.

Televisheni iliuondoa uwanja huo. Ilipoanza nchini mwaka 1962 ilikuwa kitu cha wachache wa mjini. Leo imeenea hata katika mikahawa ya vijijini. Mchezaji yuko Nairobi, mtazamaji yuko Garsen, na katikati yao wamesimama watu wengi: mwenye kituo, mwenye tangazo la sabuni, na siku hizi hata mtu atiaye vipande vya zamani katika intaneti akavuna yeye. Tuzo bado latoka mfukoni mwa mtazamaji, maana katika bei ya sabuni imo gharama ya tangazo. Lakini lapita mikono mingi, na mara nyingi humfikia mchezaji likiwa makombo.

Usidhani nasema juu ya jambo dogo. Vioja Mahakamani kilianza katika miaka ya 1970, zama za Sauti ya Kenya. Vitimbi kikaja baadaye. Kituo chenyewe kilibadili jina kikawa Shirika la Utangazaji la Kenya mwaka 1989, lakini vichekesho hivyo havikutikisika. Mawaziri walipanda na kushuka, marais wakapokezana kiti, na Mzee Ojwang na Mama Kayai wakaendelea kugombana mbele ya taifa. Kisha Citizen ikaleta Papa Shirandula na Inspekta Mwala, navyo vikapata watu wao kwa miaka na miaka.

Siri ya kudumu kwa vichekesho hivi si ngumu kuifahamu. Hutaka mahali pamoja, watu wachache, na kosa moja lisilopona. Shirandula ni bawabu aliyemficha mkewe kazi yake, akajidai mtu wa ofisini. Akitubu leo, juma lijalo hakuna kipindi. Kwa hiyo hatubu. Na sisi, tuonao uongo wetu wenyewe ndani ya uongo wake, twarudi kumtazama. Tamthilia ya huzuni hutaka mwisho, lakini kichekesho cha namna hii hukimbia mwisho. Ndiyo sababu huweza kurudiwa baada ya miaka kumi, na mtu asiyepata kukiona akacheka sawasawa na yule wa kwanza. Likumbuke jambo hili la kurudiwa, maana humo ndimo imo hoja yangu.

Wapo wasemao kwamba kicheko ni upuuzi, na upuuzi haudai malipo makubwa. Mtu wa Garsen hawezi kukubali neno hilo akiwa na kumbukumbu. Garsen ni njia panda: atokaye Malindi hupita hapa kwenda Lamu, au kwenda Hola na Garissa. Mkulima Mpokomo, mfugaji Muorma, mchuuzi Mbajuni na dereva wa bara huketi benchi moja mkahawani. Habari za siasa zisomwapo, kila mmoja hushika lake. Kichekesho kianzapo, hucheka pamoja. Hilo si jambo la kudharau katika kaunti iliyozika zaidi ya watu 100 katika mapigano ya mwaka 2012 na mwanzo wa mwaka 2013. Watu waliowahi kuuana wana haja kubwa ya kuona, hata kwa mzaha, kwamba ugomvi waweza kupelekwa mbele ya hakimu, pande zote mbili zikasikizwa, nao ukaisha kwa maneno. Vioja Mahakamani kimefanya kazi hiyo kwa miaka mingi, mbele ya watu wengi wasiopata kukanyaga mahakama. Ikiwa huo ni upuuzi, basi tuna haja ya upuuzi zaidi.

Wengine husema kwamba jina ni malipo tosha. Mwigizaji hujulikana kila aendako. Ataka nini tena? Mtu asemaye hivyo na ajaribu kununua unga kwa jina. Mwenye duka hatapunguza hata shilingi moja kwa sababu mnunuzi alimchekesha jana. Atacheka tena, kisha atataja bei ileile. Jina halilipi kodi ya nyumba, wala halinunui dawa. Zaidi ya hayo jina huleta gharama: watu humwona mwenye jina kuwa tajiri, wakamwendea na shida zao, naye huona aibu kusema kwamba hana.

Mfikirie Benson Wanjau. Alikuwa Mkikuyu aliyejivika jina na lafudhi ya Mjaluo, akaitwa Ojwang Hatari, akawa babu wa nchi nzima. Ni wangapi kati ya viongozi wetu waliofanya mengi kama hayo kwa umoja wa Kenya? Katika uzee wake macho yalimdhoofika, na wananchi wakachangishana fedha ili atibiwe. Alifariki tarehe 12 Julai 2015. Wachangaji walifanya vema, nami nawasifu. Lakini tazama aibu iliyojificha nyuma ya wema huo. Mchango hupewa mtu asiye na cha kudai. Mtu aliyelichekesha taifa kwa miongo kadhaa alipaswa kuwa na cha kudai. Alipaswa kuuguzwa kwa haki yake mwenyewe, si kwa huruma ya majirani.

Sasa nafika kwenye hoja iliyo na nguvu kuliko zote za wapinzani wangu, nami sitaikwepa. Wasema: mwigizaji alilipwa siku ile alipoigiza. Seremala akiuza kiti, hadai kitu kila tukikalia. Kwa nini mwigizaji adai kila kipindi kirudiwapo?

Jibu ni hili. Kiti hukalika mpaka kikavunjika, na mwenye kiti hapati fedha kwa kukikalia. Kipindi hakivunjiki, na kila kirudiwapo mwenye tangazo hulipa upya. Kama kituo nacho kingelipwa mara moja tu, siku ya kwanza, ningenyamaza. Lakini kituo huvuna kila msimu. Basi kipindi si kiti. Kipindi ni mwembe. Sisi wa bondeni twaijua miembe, na twamjua mkulima auzaye matunda ya mwembe mzima ungali na maua, kwa kuwa mtoto hana karo na dalali amekuja na noti mkononi. Embe ziivapo, dalali hucheka na mkulima hutazama. Hata hivyo yule mkulima huuza mavuno ya msimu mmoja tu, na mwaka ujao mwembe ni wake tena. Mwigizaji wetu amekuwa akiuza mavuno ya miaka yote kwa bei ya siku moja.

Tena husemwa kwamba nchi yetu ni maskini, haiwezi kulipa kama Marekani. Sikubali, kwa maana sidai kiasi, nadai fungu. Tazama yaliyotendeka huko Marekani kwenyewe. Kichekesho kiitwacho I Love Lucy kilipoanza mwaka 1951, Lucille Ball na mumewe Desi Arnaz walikubali kupunguziwa ujira, lakini wakashika umiliki wa filamu za kipindi. Watu wengi hawakuona thamani ya kitu kilichokwisha kuonyeshwa. Miaka michache baadaye kampuni ya CBS iliwalipa mamilioni ya dola ili izipate filamu zilezile. Mali yao haikutoka katika mshahara mnono; ilitoka katika kutokubali kuuza mwembe.

Tazama na waigizaji sita wa Friends, kipindi kilichoonyeshwa tangu mwaka 1994 hata 2004. Walikataa kutenganishwa katika kupatana bei. Wote sita walidai ujira ulio sawa, na mwishowe kila mmoja alipata dola 1,000,000 kwa kila kipindi, pamoja na fungu katika mapato ya marudio. Wewe usishangae milioni hiyo. Ishangae mikono sita iliyoshikana. Mmoja wao angekwenda peke yake, angepewa kidogo na wenzake wangepewa kidogo zaidi. Hapa kwetu mwigizaji huenda peke yake, na akiuliza sana huambiwa kwamba nje ya mlango wako vijana mia wanaotaka nafasi yake.

Tena ujira mbaya hauwadhuru waigizaji peke yao. Huukata mzizi wa mchezo wenyewe. Charles Bukeko, aliyekuwa Papa Shirandula, alifariki tarehe 18 Julai 2020 kwa ugonjwa wa Korona, na kipindi chake hakikudumu baada yake. Mchezo uliodumu zaidi ya miaka kumi ulikuwa umetegemea bega la mtu mmoja. Vichekesho hudumu pale ambapo watungaji wanaweza kuifanya kazi hiyo maisha yao yote, wakafundisha vijana, nao vijana wakapokea. Lakini kijana mwenye akili atafuataje kazi ambayo ameona wakuu wake wakiimaliza kwa kuchangiwa?

Sisi wa Mto Tana hatuna haja ya kufundishwa maana ya chanzo kukosa fungu. Mabwawa matano ya umeme, yaani Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, yamejengwa juu ya mto huu; la Kindaruma lilifunguliwa mwaka 1968. Kwa miaka mingi mto wetu uliwasha televisheni za Nairobi, huku vijiji vya huku chini vikiketi kwa koroboi. Mwaka 1963 taifa lilipotafuta wimbo wake, sauti ilichukuliwa katika wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea watoto. Kila mwanafunzi wa Kenya huiimba sauti hiyo akiwa amesimama wima. Muulize imetoka wapi, na ni nani aliyeitoa. Ni wachache watakaolitaja jina la Mzee Meza Galana. Kwa hiyo nisemapo kwamba mwenye chanzo apewe fungu, sisemi neno la kigeni. Nasema neno ambalo mto wenyewe umelisema kwa muda mrefu.

Pwani iko methali ya kale isemayo, Mgala muue na haki yake umpe. Nusu ya kwanza hatuitaki hapa Garsen, kwa kuwa huyo Mgala atajwaye ni babu wa Muorma tukaaye naye, na jina lenyewe alibandikwa na wengine. Lakini nusu ya pili ni sheria nzima: hata usiyempenda, haki yake ni yake. Basi itakuwaje tumnyime haki yule tumpendaye?

Wala haki hii haingoji kutungwa. Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 2001 yamtambua mwigizaji kuwa na haki katika uigizaji wake. Mataifa nayo yalipatana huko Beijing mwaka 2012 juu ya haki za waigizaji wa picha na sauti, na mkataba huo ukaanza kutumika mwaka 2020. Kilichopungua ni watu wa kudai, na karatasi za mapatano zisemazo wazi: huu ni ujira wa leo, na hili ni fungu la kila marudio.

Hapo ndipo neno langu likufikiapo wewe, kijana usomaye. Shule yako hupeleka michezo katika tamasha la drama, na mwenzako aketiye dawati la nyuma, yule achekeshaye darasa zima, huenda kesho akatunga kipindi. Anzeni haki hapo mlipo. Mchezo ukiandikwa na mwanafunzi, jina lake liandikwe juu ya karatasi, wala lisifunikwe na jina la mwalimu wala la shule. Ukichukua kichekesho cha mwenzako, mtaje. Na siku utakapowekewa karatasi mbele yako, kalamu mkononi, uambiwe kwamba utapata jina kubwa, usitie sahihi mpaka uisome yote. Tafuta neno mrabaha. Usipoliona, uliza liko wapi. Na ukiambiwa kwamba halina kazi, nenda ukawatafute wenzako kwanza, mrudi mkiwa wengi.

Na wewe usiye mtungaji wala mwigizaji, ambaye kazi yako ni kutazama na kucheka, usijione huna deni. Babu zako walipofurahishwa na ngoma waliingia uwanjani. Uwanja wa leo ni mpana, na mkono wako haumfikii mchezaji; lakini sauti yako yaweza kufika bungeni, kwenye kituo na kwa mwenye tangazo. Ipeleke. Mchezaji amekwisha kucheza, tena kwao. Sehemu ya methali iliyobaki ni yetu sisi kuitimiza.