Ukifika Migori, Usigeuze Upesi

Wengi wetu wa Tarime tumevuka mpaka pale Sirari si mara moja wala mbili: kununua bidhaa, kumsalimu shangazi aliyeolewa upande wa Isebania, au kwenda matangani. Twafika hata Migori, twala chapati, na jioni twarudi. Mimi nimefanya hivyo miaka kumi, nisijue kuna nini nyuma ya mji ule.

Huko Kambodia, Asia ya kusini mashariki, uko mji uitwao Siem Reap. Watu huvuka bahari kwenda kulala pale kwa kuwa jirani yake yapo mahekalu ya kale ya Angkor, na sehemu kubwa ya mji hupata riziki kwa wageni hao. Migori nao una magofu yake, Thimlich Ohinga, kilometa 46 kaskazini magharibi ya mji. Mwaka 2018 UNESCO iliyaandika katika orodha ya Urithi wa Dunia, orodha ile ile yenye Angkor na Serengeti yetu. Lakini pale stendi hakuna anayekuitia gari la huko. Nilichukua pikipiki. Nawe patana bei ya kwenda na kurudi kabla hujapanda, na usisahau maji na hati za kusafiria.

Utaona kuta za mawe matupu, bila saruji wala chokaa. Waashi walipanga safu ya nje na safu ya ndani, katikati wakashindilia mawe madogo, yote yakashikana. Kimo ni mita 1.5 hata 4.5, unene kama mita moja. Milango ni mifupi, sharti uiname. Na adui aliyeinama, shingo yake i mikononi mwa mwenye boma! Yasadikiwa zilijengwa karne ya 16. Watu na mifugo yao walikaa humo, kabila hili likiondoka lile likiingia na kutengeneza palipobomoka, hata nusu ya kwanza ya karne ya 20.

Jua lilikuwa kali. Nikainua mguu niketi juu ya ukuta. Mlinzi akaniita kwa upole, "Ndugu yangu, shuka. Jiwe moja likitoka huwaita wenzake."

Nikaona haya, wala si kwa mguu ule tu. Nilipokuwa mtoto, kilimani juu ya kwetu palikuwa na boma la kale la mawe kama hayo, dogo. Sisi watoto ndio tuliotumwa kuyateremsha: ya banda la kuku, ya choo, ya msingi wa jiko. Hakuna aliyetukataza. Babu alisema tu kwamba ni ya watu wa zamani, nami sikumwuliza watu gani. Sasa babu hayupo, na ukuta haufiki magotini.

Jumamosi iliyopita nilipanda na kamba na daftari, nikaupima uliobaki, nikachora na mahali pa mlango. Yuko mzee mmoja jirani ambaye asema alisikia kwa baba yake nani walikaa pale. Ameniambia nije baada ya mavuno. Nitakwenda Jumapili hii, misa ikiisha tu.